Mtoto wa Watu

Kabla hata hawajazoea kwamba swichi ya taa ya bafuni iko nje ya mlango, waliitwa ukumbini kufundishwa kuishi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha chini katika hosteli ya hospitali. Viti vya plastiki, na dirisha linalotazama ukuta. Wageni walikuwa kikundi kidogo: wauguzi, mkunga mmoja, mtu wa eksirei, na fundi wa mashine za figo. Wote walikuwa wa nchi moja, wamekuja kwa mkataba, wamevaa masweta mapya yanayowawasha shingoni. Mbele yao alisimama mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Naye aliwahi kuja hivyo hivyo zamani, na begi moja na woga wake, akabaki. Kila mtu alimwita Dada Mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni na kuwaelekeza, nchi isije ikawameza.

"Barabara huvuki mpaka yule mtu wa kijani kwenye taa awake," alisema. "Hata kama gari hulioni. Hata kama unafukuzwa na simba."

"Kwani huku kuna simba, dada?" mtu wa eksirei akachokoza.

"Wapo. Wamevaa sare."

Watu wakacheka, na kicheko kiliwasaidia, maana wengi wao hawakuwa wamelala vizuri tangu wateremke kwenye ndege.

Dada Mkubwa akaendelea. Pasi zao zilikuwa ofisini kwa ajili ya usajili, kwa hiyo kwa siku hizo chache wasitafute makuu: hosteli, hospitali, duka la mkate, basi. Jirani asigongewe mlango bila kuambiwa kwanza. Kwenye lifti mtu asimame, anyamaze. Halafu akainua kidole.

"Na mtoto wa watu humgusi. Shavu lake usilishike, peremende usimpe, jina usimuulize. Iwe njiani, iwe dukani, iwe kwenye basi. Analia? Mwache alie, ana mama yake. Wewe pita."

Hapo Mama Sindano akashindwa kujizuia. Jina hilo alipewa na watoto wenyewe, kwenye wodi aliyofanya kazi tangu ujana wake, na lilimganda mpaka wakubwa wakalichukua. Alikuwa mama wa watoto wawili, aliowaacha kwa mama yake mzazi, na kesho yake asubuhi alikuwa anaanza kazi katika wodi ya watoto ya hospitali ile.

"Dada, mimi kazi yangu ndiyo hao. Nisipowagusa nitawatibu kwa macho?"

"Wodini utawagusa mpaka uwachoke, mdogo wangu. Wodini una sare, na jina lako kifuani. Njiani wewe ni nani?"

"Mke wa mtu!" akadakia mkunga, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mama Sindano naye alicheka mpaka akafuta machozi. Onyo lile alilisikia, tena vizuri. Asije mtu akasema hakuambiwa.

Mchana Dada Mkubwa aliwataka waende wawili wawili, wakajifunze njia ya kutoka hosteli hadi hospitali, ili kesho asipotee mtu. Mama Sindano alipangwa na mkunga, ambaye walikuwa naye chumba kimoja. Lakini mkunga alikuwa amelala chali, miguu kaiegemeza ukutani.

"Nenda tu, shoga yangu. Hii siyo miguu tena, ni viazi vitamu. Ndege imeniharibu. Ukirudi utanichorea."

"Nikipotea je?"

"Ukipotea, piga kelele kwa lugha yetu. Tutakusikia."

Akajitanda shali yake juu ya sweta, akatia mkobani pakiti ya biskuti aliyopewa kwenye ndege, akatoka. Simu aliibeba, ingawa bado haikuwa na laini ya huko. Nje ya hosteli ilikuwa kioo tu cha kujitazamia.

Mtaa ulikuwa mpana na safi. Duka la dawa, fundi viatu, duka la mkate lenye kengele mlangoni, kisha duka la maua lenye ndoo zilizopangwa nje. Watu walipita haraka, kila mmoja na safari yake, hakuna aliyemtazama. Mama Sindano alitembea akihesabu kona kwa midomo, kama mtoto anayetumwa dukani asisahau alichotumwa.

Ndipo alipomwona. Kitoto kidogo, cha kiume, cha umri wa kuanza kutamka maneno, kimevaa suruali ya mpira kiunoni na kimeshika kijiti. Hakuona kimetoka mlango gani. Alikiona tu kiko peke yake, kinatembea ule mwendo wa kulewalewa, kinaelekea barabarani, na basi linakuja.

Hakuwaza. Akiwa anafikiri bado yuko mbali nacho, alishtuka amekwisha kukinyakua kwa kwapa na kurudi nacho nyuma, na lile basi likapita na upepo wake, likawapulizia vumbi la machoni. Mtoto akaangua kilio.

"Nyamaza baba, nyamaza, yameisha," akasema, moyo unampiga mpaka masikioni. Akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Wapita njia walikuwa wameinamia simu zao na mifuko yao.

Sasa, kule kwao, mtoto akiokotwa njiani hasimamwi naye. Unambeba, unatembea naye, unauliza mlango kwa mlango, "Jamani, nani kapotelewa?" na kabla hujafika mbali utasikia, "Aa, huyo si wa kwa fulani!" Kutembea naye ndiko kumtangaza. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo watoto wake mwenyewe walivyowahi kurudishwa nyumbani, zaidi ya mara moja. Basi akatembea. Mtoto alikuwa mzito na anajirusha, mkoba unateleza begani. Akavua shali, akamtupa mgongoni, akamfunga. Akampa biskuti. Mtoto akanyamaza. Mama Sindano akapumua, akashika njia, akiita kwa lugha ya watu wale aliyoisomea miezi michache tu: "Mama wa mtoto? Nani mama?" Mlango wa kwanza aliukuta umefungwa. Wa pili haukuwa duka, ulikuwa ofisi. Mbele aliona watu wengi zaidi, upande wa pili wa kona. Akakata kona.

Kona ile ndiyo iliyomponza.

Kelele aliisikia nyuma, kali, ya mwanamke. Hakudhani inamhusu. Mara akasikia shali inavutwa kwa nguvu, mpaka akayumba. Akageuka. Mwanamke aliyevaa aproni ya kijani, mikono imelowa maji, alikuwa anavuta mtoto kutoka mgongoni kwake huku anapiga mayowe. Mtoto akashtuka, akalia, akamkumbatia Mama Sindano shingo kwa mikono miwili.

Mtu mwingine angefungua shali pale pale. Lakini wodini kwake, zamani kidogo, aliwahi kuja mwanamke analia kwa uchungu, anasema yeye ni shangazi wa mtoto fulani, na muuguzi mgeni akamhurumia akampa. Yule mtoto hakuonekana tena. Tangu siku ile ikawa amri: mtoto hakabidhiwi kwa machozi wala kwa kelele. Anakabidhiwa kwa aliyemleta, anayejulikana. Amri hiyo Mama Sindano alikuwa ameifundisha kwa wauguzi wadogo mpaka ikamwingia kwenye mifupa. Na huyu wa aproni, mtoto anamkimbia. Alimjuaje kuwa si mwizi?

"Hapana," akasema, akirudi nyuma. Neno hilo la wenyeji lilimtoka vizuri kuliko yote. "Hapana! Mama. Mama kwanza."

Yule mwanamke akazidi kupiga kelele. Mwanamume mmoja akaweka chini mfuko wake, akasimama mbele yake, mikono ameitandaza kama anayezuia mbuzi. Mwingine akasimama nyuma. Mama Sindano akageuka kulia: watu. Kushoto: ukuta. Hapo ndipo akili ilipomrudia, na ikamwonyesha picha nzima kama wanavyoiona wao. Mgeni, hana sare, hana pasi, amemfunga mgongoni mtoto asiye wake, amemlisha kitu, na alikuwa anatokomea naye.

Akaacha kurudi nyuma.

Kundi la watu analijua. Kule kwao aliwahi kufanya zamu za majeruhi, na aliwapokea walioitiwa mwizi sokoni. Wengine hakuwa na pa kuwachoma sindano, maana hapakuwa na mahali palipobaki pazima. Alijua linavyoanza: kelele moja, jiwe moja, halafu kila mtu ana mkono. Akasubiri jiwe la kwanza. Akainamisha kichwa, akarudisha mikono nyuma kumkinga mtoto asije akaumia yeye.

Jiwe halikuja. Watu walisimama mbali kidogo, kimya, kila mmoja ameinua simu yake. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa. Walikuwa wanampiga picha tu. Na ukimya ule ulimtisha kuliko mawe, kwa sababu mawe angalau anajua yanavyokwisha.

Gari la polisi lilifika bila king'ora. Akashuka askari wa kike, kijana, nywele zimebanwa nyuma. Alisema neno moja, polepole, mkono mmoja kiunoni. Mama Sindano alielewa: mtoto. Mtoto ashuke. Sare aliiamini, mtu wa sare ana mahali pa kumtafutia. Akashika fundo la shali, na vidole vikakataa. Fundo alilofunga tangu usichana, analofungua hata usingizini, likamshinda. Jasho likamwingia machoni. Askari akapiga hatua moja mbele.

"Subiri, mwanangu, subiri, nafungua," akasema kwa lugha ya kwao. "Usinipige."

Fundo likaachia. Akamzungusha mtoto mbele, akamkabidhi. "Mama," akasema kwa lugha yao, akionyesha mtoto, akionyesha barabara. "Mama. Basi kubwa." Maneno mengine yote aliyoyasomea yalikuwa yamemkimbia kama kuku waliofunguliwa banda.

Wakampeleka kituoni.

Chumba alichowekwa kilikuwa na meza, viti, na bilauri ya karatasi yenye maji. Hawakumfunga pingu. Lakini mlango ulipofungwa aliusikia umefungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti. Akamwona mama yake nyumbani, amekaa na wajukuu wale wawili, mtu anafika mlangoni na simu mkononi: hebu tazama, huyu si bintiyo? Akawaona watoto wake shuleni, wenzao wanawaambia mama yenu kaenda ng'ambo kuiba watoto. Akaomba choo kwa ishara, akapelekwa, mtu akasimama nje ya mlango. Akarudi, akaikalia mikono yake ili itulie.

Askari mtu mzima akaja, akamuuliza mambo kwa upole, polepole, kama anayeongea na kiziwi. Mama Sindano alifungua mdomo, neno hakuna. "Muuguzi," akapata hilo moja. "Mimi muuguzi." Yule askari akatikisa kichwa bila kukubali wala kukataa, akamgeuzia simu yake aone. Kumbe picha zilikwisha kutembea. Alimwona mwanamke aliyetoka macho, kichwa wazi, nywele zimetimka, amekumbatia kitu mgongoni huku meno yako nje. Hata yeye angemwogopa mwanamke yule.

Alionyesha kibao cha ufunguo wake, chenye jina la hosteli. Askari akakisoma, akatoka nao.

Alimsikia Dada Mkubwa kabla hajamwona. Ile sauti yake ilitangulia kwenye ukumbi, ikibishana. Mlango ulipofunguliwa Mama Sindano alisimama, akataka kumkumbatia, lakini uso aliokutana nao haukuwa wa kukumbatiwa.

"Asubuhi nilisema nini?"

"Dada..."

"Nilisema nini? Au nilikuwa nawaimbia?"

"Alikuwa barabarani, dada. Basi lilikuwa linakuja. Ningepita?"

Dada Mkubwa akavuta kiti, akakaa kwa uzito wake wote. "Hapana. Usingepita. Hapo hujakosea. Lakini ungemtoa, ukasimama hapo hapo na kelele zako, asogee mtu. Ukatembea naye! Ukamfunga! Na biskuti juu! Mdogo wangu, huku mtu anayeiba mtoto ndivyo anavyofanya, kitu kwa kitu, hukubakiza hata kimoja."

"Kwetu ndivyo tunavyofanya kumrudisha."

"Najua kwetu." Akasogeza kiti karibu. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Yule wa aproni ni shangazi yake, mwenye duka la maua. Anasema aligeuka tu kufunga shada la maua. Na anasema alikuomba mtoto ukamkatalia. Hilo ndilo linalokumaliza, ukamkatalia. Sasa sikiliza. Mama wa mtoto yuko njiani. Akisema anashtaki, wodi hakuna, kesho kutwa uko kwenye ndege. Na hutashika mtoto wa mtu tena maishani, huku wala nyumbani, maana jina litakutangulia kufika. Akisema hashtaki, wanakuachia. Ni mdomo wake tu."

"Utanisemea?"

"Nitatafsiri. Kukusemea siwezi."

Mama wa mtoto aliingia na kofia ya wavu ya kiwandani bado kichwani, hakukumbuka kuivua. Alikuwa mdogo, mdogo kuliko Mama Sindano alivyodhani. Mtoto hakuja naye. Alikaa upande wa pili wa meza, akatazama bilauri ya maji, akauliza jambo.

"Anauliza ulimkuta wapi," akasema Dada Mkubwa.

"Barabarani. Ukingoni, mguu mmoja umeshashuka."

"Basi lilikuwa mbali kiasi gani?"

Mama Sindano akasukuma kiti nyuma. Akasimama, na askari wa mlangoni akajiweka sawa. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akanyoosha mkono kuelekea kwenye meza. Kutoka hapa, hadi hapo. Mwanamke wa kofia ya wavu akaitazama ile nafasi iliyo wazi, sakafu tupu. Akaitazama muda mrefu. Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.



Alipouliza tena, alimkazia macho Mama Sindano kwa mara ya kwanza.

"Anauliza," Dada Mkubwa akasita, "kwa nini hukumpa wifi yake. Alikuwa analia mbele yako. Kwa nini hukumpa?"

Jibu hili, Mama Sindano alijua, ndilo lenye ndege au wodi ndani yake. Alitamani kupata neno tamu. Hakupata.

"Mwambie sikumjua. Mtoto alikuwa anamkimbia. Mimi simpi mtoto mtu nisiyemjua, hata akilia damu. Hata leo wakinirudisha pale, simpi."

"Mdogo wangu, hilo la mwisho kweli unataka nilitafsiri?"

"Litafsiri."

Likatafsiriwa. Mwanamke yule akageuka. Akasema maneno mafupi kwa askari, na askari akainua nyusi, akauliza tena, naye akarudia yale yale. Dada Mkubwa akashusha pumzi kwa nguvu.

"Hashtaki."

Mama Sindano akatoka pale ukutani. Alitaka kusema asante, na neno la asante alilijua, ni la kwanza walilofundishwa. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kusimama. Mlangoni akageuka, akasema jambo moja zaidi bila kupaza sauti, kisha akaondoka.

Dada Mkubwa alikuwa anatazama mkoba wake, anatafuta kitu ambacho hakimo.

"Kasema nini?"

"Kasema... uende salama."

"Dada."

Maneno ya lugha ile yalikuwa yameanza kumrudia moja moja, na hayo alikuwa ameyaelewa bila kutafsiriwa. Yule mama alikuwa amesema: mwambieni asimguse mwanangu tena.

Nje kulikuwa bado mchana, jambo lililomshangaza. Alidhani kumekwisha kuchwa. Walitembea kuelekea hosteli, Dada Mkubwa upande wa barabara, kama anayemchunga. Mama Sindano alikuwa ameikunja shali yake ndogo kabisa, ameibana kwapani, hataki hata kujitanda. Kila aliyeinua simu, alihisi inaelekezwa kwake. Kwenye kituo cha basi, msichana mdogo aliyeshikwa mkono na babu yake alimtazama akatabasamu, tabasamu la pengo la meno ya mbele. Mama Sindano akatazama pembeni upesi, akatazama ukuta, akaendelea kuutazama mpaka walipopita.

"Hospitali wameona zile picha?" akauliza.

"Wameona. Nimeongea na muuguzi mkuu. Nikimpelekea habari kwamba hakuna mashtaka, uko kwenye zamu."

"Wamama wodini nao wameona."

"Baadhi, ndiyo."

Wakatembea kidogo.

"Kesho wakinipa mtoto analia, dada. Mama yake kasimama pale ananitazama."

"Utamshika."

"Mikono haitaki. Nakwambia kweli. Tangu pale kituoni naiambia itulie, haitulii."

Dada Mkubwa akasimama katikati ya njia, watu wakawapita huku na huku.

"Basi utamuuliza mama kwanza," akasema mwishowe. "Utasimama mbele yake, utasema, naweza? Akikubali, utamshika hivyo hivyo na mikono yako inayotetemeka. Akikataa, utamwita mwenzako."

"Kwa kila mtoto?"

"Kwa kila mtoto."

Mama Sindano akatikisa kichwa taratibu. Tangu ajifunze kazi ile hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kumnyamazisha mtoto. Akamwomba Dada Mkubwa amtamkie hilo neno, naweza, kama wenyeji wanavyolitamka. Akatamkiwa. Akalirudia. Akalirudia tena, na tena, kwa sauti ya chini, njia nzima.